Mikono Iliyobaki Chini

Jumanne, 2 Septemba
Nimekamua, nimepeleka maziwa Mkata. Yameisha mapema. Mama Shabani, rafiki yangu Mzigua anayeuza mihogo pale stendi, kanitania: "We Mmasai, maziwa yako leo yana maji kuliko lambo!" Nikamwambia hata hilo lambo limebaki tope, nitayatoa wapi. Tumecheka.

Kufika nyumbani, habari mbaya. Ijumaa mkutano wa kijiji. Wakulima wanataka ng'ombe wasinywe tena lamboni. Lile lambo tulichimba wote. Mimi nilibeba udongo na mimba ya Nashipai tumboni.

Jumatano, 3 Septemba
Sisi ni maboma machache tu kwenye kijiji cha wakulima. Ng'ombe wakikosa maji hapa, Baba Nashipai atawapeleka upande wa Korogwe, mtoni, mpaka mvua. Na kifua chake kile. Huku watoto uji bila maziwa.

Babamkwe anasema nisihofu, wazee watasema na watasikilizwa. Mkwe utambishia?

Ijumaa, 5 Septemba
Tumeshindwa.

Wakulima walisema ng'ombe wanachafua maji, wanakula mihogo. Kweli, wetu waliwahi kuingia shamba la Mama Shabani. Babamkwe akasimama na fimbo yake. Akasema tunyweshe jioni, watu wakishateka. Kwetu fimbo inazunguka, kila mzee anasema mpaka moyo utulie. Neno halikatwi mmoja akiwa bado na lake. Hata siku mbili.

Mwenyekiti akasema, "Asante mzee, muda umekwenda. Wanaotaka ng'ombe wazuiwe, wanyooshe."

Mikono kila mahali. Wa Mama Shabani nimeuona. Hakunitazama.

"Wanaopinga?"

Wazee wetu kimya. Walikuwa wanangoja fimbo iwafikie. Walidhani maneno bado. Nilitaka kupiga kelele, nyoosheni jamani! Mbele ya babamkwe haifai. Nikanyoosha mkono wangu. Mmoja. Nyuma mtu akasema, "Mama maziwa kapinga!" Wakacheka.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimekwenda kwa mwenyekiti. Shikamoo, nikaeleza: wale wazee hawakukubali, walikuwa wanasubiri zamu. Kanisikiliza vizuri, hana ubaya. Akasema, "Mama, kura ni kura. Wengi wape."

Sawa, wengi wape. Na wachache wapewe nini? Hilo sikulisema pale. Limenijia njiani, peke yangu.

Jioni Mama Shabani kaja. "Dada, shamba lile ndilo linalolisha wanangu." Najua. Ningekuwa yeye labda ningenyoosha vilevile. Nina hasira naye na nampenda. Nimempa chai. Kanywa, kaondoka, hatukutaniana.

Jumatatu, 8 Septemba
Wameondoka alfajiri, Baba Nashipai na ng'ombe. Nimemfungia shuka la pili na tangawizi. Nilitaka kumwambia asiende. Abaki afanye nini?

Babamkwe amekaa mlangoni. Kaniuliza kama kweli walihesabu mikono ya wazee kuwa haipo. Nikamwambia ndiyo, baba. Akaitazama mikono yake.

Nashipai anauliza baba anarudi lini. Nimesema mvua ikinyesha. Zizi kimya. Sijui nishike kazi gani, mikono imezoea kukamua.

Baba Nashipai, ukifika Korogwe chaji simu. Piga upesi, uniambie kama huko wamewaacha mnywe.