Orchestre Imesimama, Inangoja Piano

Siku ya posho (jumamosi), 8 mwezi wa tatu 2003

Masasi ya bunduki imenyamaza hapa Bunia. Shule bado imefungwa. Kabla ya vita ya juzi, Ma Sœur Adèle — ndiye anatufundisha muziki, na ndiye anaongoza chorale, kwaya ya parokia — alinipa kaseti. «Estelle, unapiga harmonium, kinanda cha kanisa, vizuri, lakini unajua nyimbo za misa tu. Sikiliza concerto ya piano. Ya Mozart.» Akanipa na mapile, betri za radio. Mapile! Siku hizi!

Nimesikiliza chini ya blanketi, mama asiseme namaliza mapile bure. Na piano haiko! Violons, violons, filimbi, tena violons. Nikapeleka mbele kidogo, nikarudisha, nikazima. Kaseti si yenyewe. Ma Sœur amekosea. Nitamwambia namna gani? Mimi hata kuitika «présent» darasani, naitika kama panya.

Siku ya pili, 11 mwezi wa tatu

Ma Sœur amecheka mpaka akatoa miwani! Kaseti ndiyo yenyewe. Piano inaingia nyuma; sikungoja, basi.

Anaeleza: concerto ni masolo, mazungumzo kati ya mutu moja na kundi. Kundi, ndiyo orchestre, inasema kwanza habari yote. Yule mwenye piano anakaa pale mbele ya watu, mikono juu ya magoti, kimya. Kisha anaingia. Anachukua maneno yao yale yale, anayageuza, anaongeza yake. Wanajibu. Anajibu.

Nimeuliza: na kama anaogopa?

«Anaogopa. Ndiyo maana wanaanza wao.»

Nyumbani nikasikiliza tena, nikangoja. Piano ikaingia polepole, kama mutu hataki kusumbua wenye nyumba. Nikasikia haya, na furaha. Kumbe mule ndani muko mutu wa aina yangu!

Siku ya ine, 20 mwezi wa tatu

Kwarezima. Harmonium inasaidia waimbaji tu, haina ruhusa ya kucheza peke yake mpaka Pasaka. Ma Sœur hana muchezo na sheria ile. Basi nimechora touches, vile vibao vya kinanda, kwa chaki juu ya banc, benchi ya sacristie, chumba cha padri, nyeupe na nyeusi, najifunza vidole bila sauti.

Glodie amechungulia: «Estelle, banc yako iko na fausse note, inaimba vibaya!» Na akakimbia.

Glodie ni rafiki yangu, soprano wa mbele. Si wa kabila yangu. Mwaka ule tulianza chorale nisingeandika hii. Sasa watu wanaangalia kabila kwanza, kisha salamu.

Kwa Ma Sœur nimenakili historia ya concerto. Kwanza Bach na watoto wake, na clavecin, mama wa piano. Kisha Mozart kule Ulaya, mji wa Vienne. Na sikiliza hii: opera ilikuwa inafungwa wakati wa Kwarezima, basi watu walikuja kumusikiliza Mozart! Kwao Kwarezima ndiyo ilikuwa musimu ya concerto. Kwetu Kwarezima ni chaki. Nimemuuliza Ma Sœur nani alikuwa na haki, Vienne ao Bunia. Alisema niende kuosha mikono.

Bunia haina violon. Basi chorale ndiyo itakuwa orchestre! Wanajifunza kwa masikio, na «la la la». Glodie na masoprano ni violons. Hippolyte na mabasse, wenye sauti nzito, ni contrebasse. Hippolyte analalamika: «Ma Sœur, orchestre bila guitare ni orchestre gani?»

Siku ya Mungu, 6 mwezi wa ine

Jambo kubwa. Kaseti inakatika!

Kufika karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza, orchestre inapanda, inapanda, inasimama juu ya akordi moja, sauti nyingi pamoja. Kama mutu amevuta pumzi na hajaitoa. Na hapo — klak. Mwisho wa upande A. Upande B inaanza na sehemu ya pili, ile ya polepole.

Ma Sœur anasema hata kaseti isingekatika, ingekuwa vilevile. Hapo ni cadence. Orchestre inanyamaza, na mupiga piano anabaki peke yake. Mara nyingi kwenye karatasi hakukuwa kitu, alama tu. Kila mutu alileta yake. Beethoven ndiye alichoka na wale wanaongeza ovyo: kwa concerto yake ya mwisho aliandika yote mwenyewe.

Hippolyte: «Kumbe cadence ni sebene, pale waimbaji wananyamaza, guitare inaendesha dansi!»

Ma Sœur: «Sebene ya mutu moja. Na haina kucheza dansi, Hippolyte, kaa.»

Na orchestre inajua namna gani saa ya kurudi? Kwa trille. Sauti mbili jirani, haraka haraka, moja-nyingine-moja-nyingine. Wakisikia ile wanajua: ametuita.

«Yetu utaileta weye,» akaniambia. Mbele ya wote! Nikaangalia viatu vyangu. Kutoka ndani ya kichwa changu? Kichwa changu hakina kitu. Hapana, nitasema kweli, hii hakuna mutu atasoma: kiko. Kiko kingi. Lakini ndani ya kichwa hakuna watu wanaangalia.

Siku ya kwanza, 21 mwezi wa ine

Pasaka imepita, harmonium imefunguka! Concerto itakuwa siku ya Mungu, 11 mwezi wa tano, nyuma ya misa.

Mabasse wamepunguka. Nyumba ya Hippolyte imefungwa. Jirani anasema wamekimbia, wamefika Mahagi-Port, kwa shangazi. Wa kwao Glodie nao wanakaa tayari, vifurushi viko mulangoni. Yeye anakuja tu.

Tumejaribu yote. Niliingia vizuri, nilijibu vizuri. Kisha wakapanda mpaka akordi, wakasimama, wote wakaniangalia. Vidole vikawa mawe. Mutu akakohoa. Nikafunika uso.

Wengine wakaenda. Glodie akabaki, akaegemea harmonium, akaimba violons yeye peke mpaka kwenye akordi, akanyamaza, akaniinulia nyusi.

«Endesha, mama!»

«Siwezi.»

«Basi siye tunasimama hapa hapa. Mpaka uanze. Hata kesho, hata mwaka kesho, chorale yote na miguu imevimba. Utaona haya!»

Nilicheka. Kisha nikapiga, kidogo, mbele yake peke. Ilikuwa nzuri. Naandika tena: ilikuwa nzuri!

Siku ya tatu, 7 mwezi wa tano

Askari wa Uganda, ndio walikuwa wanashika mji, wamekwenda. Masasi tangu asubuhi. Répétition, mazoezi ya chorale — Ma Sœur na mimi tu. Glodie hakuja. Ma Sœur amefunga harmonium.

Siku ya posho, 10 mwezi wa tano

Tuko ndani ya kanisa tangu jana, mama na mimi na watu wengi. Magodoro, sufuria, mbuzi moja. Nimekaa nyuma ya harmonium, hapa hakuna mutu ananiona. Ma Sœur amefuata wagonjwa hospitali. Wa chorale niko mimi peke yangu.

Karibu wote humu ni watu wa kabila yangu. Wa kwao Glodie sijui wako wapi. Sikuuliza. Niliogopa kuuliza.

Kuko mutu anagonga mulango wa pembeni. Papa Xavier, katekista, anauliza: nani?

«Ni mimi. Wa chorale.»

Mwanaume mumoja wa koti nyeusi: «Wa chorale! Leo kila mutu ni wa chorale! Uliza kabila gani!»

Nje, anagonga tena, hataji kabila.

«Fungua, ni mutoto,» mama mumoja anasema.

«Mutoto wa nani? Na nyuma yake kuko nani? Weye utajibu, mama, wakituingilia?»

Papa Xavier ameshika chuma ya mulango. Anasema: kama humu kuko mutu anamujua, aseme, nitafungua. Kama hakuna, siwezi.

Hakuna mutu anasema. Mimi namujua. Nilimujua tangu neno la kwanza. Na niko naandika! Naandika kwa sababu mudomo haifunguki.

Anaimba! Nje kule, la la la — violons zetu. Yule wa koti anasema ni alama, anaita wenzake. Si alama, papa! Ni Mozart! Siwezi kumwambia hata hii?

Anapanda. Anapanda. Akordi.

Amesimama.

Hagongi tena. Haimbi tena. Amesimama pale pale, vile alisema siku ile: mpaka uanze. Masasi iko karibu na soko. Papa Xavier anauliza tena: hakuna anayemujua? Mama ameniangalia, kwanza mimi, kisha mulango. Mama hajui Mozart, lakini anajua uso wangu.

Harmonium itachelewa. Sauti yangu ndiyo iko hapa.

Nasimama. Nitaanza na jina lake —