Dua Aliyoikataa Juma

Salma, mjukuu wangu,

Salamu kutoka Temple Hills, huku ughaibuni. Babu yako magoti yanamsumbua. Mimi nimechoka tu. Umeuliza kwa nini leseni yangu ya udereva inasema nikifa wagonjwa wapewe viungo vyangu.

Miaka ya themanini, figo za rafiki yetu Juma zilikufa. Wakati wa kufuturu daktari alimruhusu nusu kikombe cha chai, basi, maana mwili wake haukuweza tena kutoa maji. Siku moja hapa kwetu tukainua mikono kumwombea apate figo ya marehemu aliyokuwa akiisubiri. Akatuzuia: "Jamani, mnamwombea nani ajali?"

Babu yako akasema, "Haya, tuombe kikombe kijae." Juma akacheka, tukaomba hivyo.

Alifariki akiwa bado anasubiri. Wiki ile nikajiandikisha. Siku yangu itafika bila mtu kuiomba. Watakachokikuta kizima, wachukue.

Bibi yako