Swali la Tata kwa Mashine ya Vichwa Vinne

Jumatatu, 3 Machi

Meza ya Tata, baba yangu, inayumba. Nimekunja gazeti, nikalisukuma chini ya mguu mmoja, kompyuta juu. Hii ndiyo ofisi yangu kwa wiki mbili, hapa Nyamira, mpaka goti la Mama litulie. Bi Naliaka, mkuu wangu, amekubali. Kazi ya mtahini wa hataza, hizi hati za kulinda uvumbuzi, ni kusoma, alisema, na kusoma hakuchagui kiti. Hakuuliza habari za mtandao. Unakuja na kwenda utakavyo.

Faili la leo: mashine ya kuchonga mawe ya sabuni, inaongozwa na kompyuta, ina vichwa vinne. Kila kichwa kinazungusha keekee yake ya kukatia jiwe. Unaweka mawe manne, zinatoka sanamu nne za kiboko, zote sawa. Mashine za vichwa vingi zipo duniani tangu zamani, hilo si geni. Geni ni kwamba mawe yetu ya machimbo ya Tabaka hayalingani, moja refu, jingine fupi, na hapa kila kichwa kina kidole cha chuma kinachogusa jiwe lake kwanza, kisha kinashuka kwa kipimo chake chenyewe. Ndilo dai la kwanza katika ombi lake. Nimepekua hati za Wajerumani, Wajapani, Wachina. Sijaliona popote.

Mwenye ombi ni Evans Mogaka, fundi, Ogembo. Ogembo! Mtu wa kwetu. Kidogo nijivune. Nikajiambia tulia, Kwamboka, kazini huna ndugu. Barua ya wakili wake inasema kuna kampuni iliyo tayari kuzitengeneza mashine hizi pamoja naye akipata hataza. Asipopata, wataiga tu, naye abaki kutazama.

Nilipotafuta kalamu nilifungua droo. Imejaa betri kuukuu za redio ambazo Tata alikataa zitupwe. Mwaka wa tatu huu tangu tumzike baba yangu. Nina hamu naye mpaka inakera. Nikaifunga droo.

Jumanne, 4 Machi

Umeme ulipotea asubuhi, ukarudi saa kumi. Mvua. Nilishuka kuchuma chai, Mama akanicheka kutoka barazani. Mikono ya ofisi, alisema. Hakuna kazi ya maana iliyofanyika.

Jumatano, 5 Machi

Nimelipata. Afadhali nisingelitafuta.

Kanuni yetu ni kupekua kila mahali, si kwenye hati za hataza tu. Kitu kikishaonekana na watu kabla ya ombi, si kipya tena. Basi nikaandika jina la karakana ya Mogaka mtandaoni. Ikaja video moja. Maombi.

Kwetu kitu kipya hakifanyi kazi kabla ya kuombewa. Gari, kinu cha mahindi, hata tangi la maji: anaitwa mchungaji, wanakuja majirani, panapikwa. Mogaka naye alifanya hivyo, tena Jumapili, maana Jumamosi ni Sabato, mashine haiwashwi. Mtu akarekodi, akaanika hadharani. Bwana huyu ana akili ya kuunda vichwa vinne na hakuna aliyemwambia afunge mlango kwanza. Lakini nani angemwambia? Hata mimi ningekuwa pale ningepiga makofi.

Mchungaji anaomba. Amina. Mashine inanguruma. Kisha mzee mmoja anatoka katikati ya watu, anainama mpaka pua inakaribia jiwe, anakohoa, anauliza kwa Ekegusii, lugha yetu:

"Mawe haya hayalingani. Kichwa hiki kitajuaje kwamba jiwe lake ni fupi?"

Mogaka anafurahi kuulizwa. Anafungua kifuniko. Anaonyesha kidole, waya, kila kitu, polepole, kama yuko mbele ya darasa.

Mzee yule ni Tata.

Nilizima. Nikaenda kusimama kwenye migomba. Mwalimu mstaafu wa useremala, kiherehere hakikumwisha hata uzeeni. Baba yangu mzazi, yuko hai, anakohoa, anataka kujua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimehesabu tena na tena. Sheria inampa mvumbuzi miezi kumi na miwili tangu ajianike mwenyewe. Mogaka alileta ombi mwezi wa kumi na nne baada ya siku ile. Miezi miwili tu, jamani. Lau Tata asingeuliza, kifuniko kisingefunguliwa. Ingebaki video ya maombi na mngurumo, na dai la kwanza lingesimama. Baba yangu amelivunja kwa swali moja, na alikuwa akitabasamu.

Nimeihifadhi kwenye faili la ushahidi. Nimeihifadhi na mahali pengine, pangu. Leo nimeitazama sijui mara ngapi, kwa spika za masikioni. Mama ameketi ng'ambo ya meza anachambua mboga za chinsaga, sauti ya mumewe imo masikioni mwangu, na simwambii. Faili ni siri hadi hataza itangazwe. Hiyo ndiyo sababu ninayojipa. Ya kweli ni kwamba naogopa uso wake.

Sabato, 8 Machi

Kanisani na Mama, hatua kwa hatua, kwa fimbo. Wakati wa kurudi alisema sauti ya Tata inampotea. Uso anauona vizuri. Sauti anaitafuta, haiji. Hakulia. Alilisema tu, kama vile mtu anavyosema chumvi imeisha.

Niliangalia barabara. Mimi ni mtu mbaya leo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeandika ripoti bila video. Inasema dai la kwanza ni jipya, apewe hataza. Inasomeka vizuri ajabu. Nani atajua? Waliotazama ile video ni wachache, na wengi wao ni mimi. Mogaka atapata kampuni yake. Tata atabaki mzee aliyeuliza swali zuri, si mzee aliyemponza mtoto wa watu.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. Sikukibonyeza. Sikuifuta ripoti pia.

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia Bi Naliaka, nikamwambia yote. Akauliza kama Mogaka ni jamaa yetu. Hapana. Kama Tata alikuwa na fungu lolote katika mashine. Hapana, alikuwa na kiherehere tu. Akasema Kilonzo, mwenzangu wa dawati la pili, anaweza kulichukua faili, niseme tu, hakuna atakayenilaumu.

Nilitaka kusema ndiyo. Kisha nikamwona Kilonzo akiisikiliza sauti ile asielewe neno, akitafuta mtu wa kumtafsiria, na huyo mtu asiyemjua Tata akimfupisha. Wivu ukanishika, wivu mtupu. Nikasema nitamaliza mwenyewe. Akakubali, kwa sharti kwamba Kilonzo asome kila nitakachoandika kabla hakijatoka.

Nimefuta ile ripoti ya jana.

Jumatano, 12 Machi

Siku nzima kwa dakika tatu. Natafsiri. Kila neno lazima liwe sawa, tena kwa lugha ya ofisi. "Mtazamaji wa kwanza anauliza jinsi kichwa kinavyotambua kimo cha jiwe." Mtazamaji wa kwanza. Hapo nililia, nikamwambia Mama ni vitunguu. Hapakuwa na kitunguu nyumba nzima.

Ijumaa, 14 Machi

Imetumwa. Dai la kwanza si jipya, na mengine yanaanguka pamoja nalo, isipokuwa la saba, linalohusu keekee ikikatika. Kwa hilo nimeomba maelezo zaidi. Amepewa miezi mitatu ya kujibu.

Najiona kama mtu aliyechoma nyumba ya jirani kwa kiberiti cha baba yake.

Alhamisi, 12 Juni

Niko Nyamira tena, daktari anataka kuliona goti. Jibu la Mogaka limefika. Hakutukana. Dai la kwanza ameliachia. Chini ya barua ya wakili ameandika mwenyewe kwa kalamu, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini la saba amelishika kwa meno: keekee moja ikikatika, kichwa chake kinajiinua na kungoja, vile vitatu vinaendelea, ukitia keekee mpya, kinaanza pale kilipoachia. Na ameleta ushahidi. Video nzima, kutoka simu ya mke wake. Ile ya mtandaoni ilikuwa imekatwa.

Kifuniko kimefungwa, watu wanaanza kufuata harufu ya chakula. Tata hajaondoka. Anauliza la pili: na keekee moja ikikatika katikati ya kazi? Mogaka anajikuna kisogo. Anasema hilo halijui, mwalimu, huwa anazizima zote na kuanza upya.

Basi siku ile la saba halikuwepo. Ni jipya. Mogaka anaeleza kwamba swali la yule mzee halikumpa usingizi, ndiyo maana alichelewa kuleta ombi: hakutaka kulileta bila jibu. Miezi yangu kumi na minne. Huyo huyo Tata tena! Aliyeuliza si mvumbuzi, sheria iko wazi. Nilicheka peke yangu hata hivyo.

Halafu video ikaendelea. Mogaka anamtania, mzee wewe utafungua karakana lini. Na Tata anamjibu:

"Kwamboka wangu hukagua mashine kama hizi Nairobi. Nikimpigia huwa sina la kumwuliza ila mvua na ng'ombe. Leo nina swali. Jioni nampigia."

Nimeyaandika hapa kama alivyoyasema, ila kwa Kiswahili.

Shajara zangu za zamani zimo kwenye sanduku la bati chumbani. Nikaitafuta tarehe ile. Mwandiko wangu: Tata kapiga. Niko mkutanoni. Nimrudie kesho.

Kesho yake nimeandika habari za viatu. Viatu nilivyonunua, na rangi yake. Keshokutwa pia hakuna. Nimefunua mpaka mwisho wa mwezi ule. Hakuna.

Hakuuliza tena. Miezi mitano baadaye alikufa. Nilijua rangi ya viatu na sikujua baba yangu anataka nini kwangu.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemjulisha Bi Naliaka kwamba jina langu limetajwa kwenye ushahidi. Kilonzo amesoma upya kila kitu, ametafuta mfasiri wake, ametia saini kando ya yangu. Dai la saba linakubaliwa. Amenipigia pia, si kwa kazi. Akasema mfasiri amemsifu mzee yule kwa maswali yake. Nilimshukuru, nikakata simu haraka.

Jumapili, 24 Agosti

Hataza imetolewa na kutangazwa. Si shamba lote, ni kipande, lakini kimezungushiwa ua. Kampuni imemwambia Mogaka kipande hicho kinatosha wakae naye mezani. Siri imekwisha, na kisingizio changu pia.

Baada ya chakula nilimketisha Mama mbele ya kompyuta. Nikamwambia kuna mtu nataka amwone. Aliweka kiganja mezani, karibu na kioo, akasikiliza mpaka mwisho. Akaomba nirudishe pale anapokohoa. Nikarudisha. Akaomba tena.

Kisha akaanza kusimulia. Siku ile Tata aliaga kwamba anakwenda Ogembo kununua dawa ya ng'ombe. Alirudi bila dawa, mdomo umejaa habari za mashine. Mama alikuwa na ndoo mkononi. Alimwambia ana ng'ombe wa kukamua, hizo habari za vyuma akampe Kwamboka.

Akanitazama. Ikabidi niseme. Nikamwambia kuhusu simu, na mkutano, na viatu. Nilidhani atanikemea.

Alivuta kiti chake karibu zaidi na meza.

"Basi nieleze mimi," akasema.

Nikaleta viazi vitamu vinne, vikubwa kwa vidogo, hayo ndiyo mawe, na vijiko vinne. Nilimweleza jinsi kichwa kinavyogusa kwanza ndipo kikashuka. Nikakiinua kijiko kimoja, vile vitatu vikaendelea. Hakunikatiza hata mara moja. Jirani alibisha hodi akaambiwa angoje.

Nilipomaliza alifikiri, akauliza: na jiwe lenyewe likipasuka, mashine itajua?

Sijui. Faili halisemi. Nimeliandika hapa nisilisahau, na kesho asubuhi nitalitafuta jibu, kabla ya kitu kingine chochote.