Ng'ombe Waliokanyaga Lambo

Jumatatu, 3 Novemba 1952
Kisimani tena. Ng'ombe wangu wamekunywa mwisho, kama kawaida. Kwenye kisima cha ukoo mwanamke hashuki, na tangu mume wangu afariki sina mwanamume wa kunitekea, nangoja wa kunihurumia. Wenye wanaume wakimaliza, linabaki tope.

Shemeji Ntandu, mdogo wa marehemu, karudia maneno yake. Nisipopata maji ya uhakika, Jumamosi ya kwanza ya Desemba anakuja kuwachukua ng'ombe "awatunze." Awatunze! Ng'ombe akiingia boma la Ntandu hatoki. Nitabaki na jembe.

Alhamisi, 13 Novemba
Lambo la serikali, bwawa la kukinga maji ya mvua, limekwisha kuchimbwa. Jumbe alituita watu wote wa Unyambwa, wanaume kuchimba, sisi kubeba udongo kichwani. Shingo haigeuki. Jirani yangu Mama Yohana alinibebea vikapu vya mwisho bila kuombwa, huku akinitania kwamba natembea kama bibi harusi. Mungu amzidishie.

Jumamosi, 22 Novemba
Mvua ya kwanza. Asubuhi lambo lilijaa hadi magotini, tukapiga vigelegele. Jioni limebaki tope. Wanaume wamecheka sana: serikali imetuchimbia chujio.

Jumbe hakucheka. Kasema tumwage udongo wa kichuguu, ule tunaosakafia nyumba, kisha ng'ombe waukanyage ungali mbichi mpaka ushikane. Nani atoe ng'ombe? Wamekonda, wakinasa hawatoki. Shemeji alikuwa wa kwanza kukataa, naye ndiye mwenye ng'ombe wengi kuliko wote.

Nimesema nitatoa wangu. Sijui ulimi ulitoka wapi.

Jumatatu, 24 Novemba
Naogopa. Mama Yohana kaniambia nina wazimu, kisha akaja na fimbo yake kunisaidia.

Tumewazungusha tangu asubuhi, wanawake wakiimba Kinyaturu, mimi nikiwataja ng'ombe majina ili wasikate tamaa. Mchana Madoa kapiga magoti katikati ya tope. Ndiye mwenye maziwa, ndiye anayetulisha. Nimemvuta mkia, nimemtukana, nimemwomba. Hakuinuka. Shemeji alikuwa ukingoni, mikono nyuma. Nilimchukia.

Ndipo wale wanaume waliocheka wakavua mashuka yao, wakashuka. Wakampitishia magogo chini ya tumbo, wakainua. Kasimama akitetemeka. Nimelia mbele za watu wala sioni haya. Sijui nitawashukuruje. Nimewapelekea maziwa yote ya leo, kibuyu kimoja tu, wakapokezana.

Alhamisi, 27 Novemba
Udongo umekauka vizuri. Mvua hakuna. Madoa anachechemea, anakula kidogo. Siku zinakimbia. Nimeomba mpaka nimekosa maneno.

Jumanne, 2 Desemba
Mvua kubwa! Nimekwenda kutazama mara tatu kama mtu aliyeacha chungu motoni. Jioni maji yapo palepale.

Jumatano, 3 Desemba
Yapo. Asante, Mungu wangu. Yapo.

Wazee wamekaa na Jumbe. Lambo si la ukoo wowote, kwa hiyo mwiko wa kisima haufiki pale. Limezungushiwa miiba, maji tutayateka na kuyamimina horini, ng'ombe asiingie tena. Na wangu ndio watatangulia kunywa, msimu wote. Nimepiga goti kuwashukuru wazee.

Jumamosi, 6 Desemba
Hewa tulivu, mawingu machache. Nimewapeleka ng'ombe mapema. Nimeteka mwenyewe, Mama Yohana akapokea na kumimina.

Shemeji kaja kama alivyoahidi, kamba begani. Nyuma yake ng'ombe wake wote, ndimi nje. Kumbe mafuriko ya Jumanne yamekibomoa kisima cha ukoo kule mtoni, na mto wenyewe umeshakauka tena. Kasimama pembeni ya hori. Kamba kaishusha, kaiweka chini.

"Shemeji, na sisi tutakunywa?"

Nimemwambia atakunywa. Amsubiri Madoa amalize.