Simu Mbili na Kofia ya Nyawa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nyawa,

Simu yetu ya kabambe imekufa. Nimeitoa betri, nimeipangusa, nimeianika juani kama ulivyokuwa ukifanya — wapi! Haikuwaka. Wewe ulikuwa ukiiita mbuzi wetu, kwa kuwa haichagui chaja. Ukiongea na watu wa Kinango ulikuwa ukiishika kwa mikono miwili na kupiga kelele, kana kwamba ni sauti yako itakayofika huko kwa nguvu zake. Mimi jikoni nacheka peke yangu.

Sasa nyumba imenyamaza kabisa. Nimo katika eda yako. Nje naiona kwa upenyo wa pazia tu. Siendi sokoni Msambweni, siendi popote. Wateja wa kofia watajuaje kwamba mikono yangu bado inashona? Na kaka yangu Rumba, kule Kikoneni, nitamwitaje? Eda ikiisha nataka aje anichukue, nirudi kwetu. Hilo sijamwambia mtu. Nakwambia wewe tu.

Jumanne, 5 Agosti

Simu imekuja!

Mavyaa, mama yako, ameniletea chumbani, imefungwa karatasi ya maua. Imetoka kwa ndugu yako Shutu. Alipita dukani karibu na banda lake la chakula cha kuku, pale Kombani. Nyeusi, pana, na kava lake. Mavyaa akasema nisihangaike na lolote, mwenye duka ameshaitengeneza yote, mimi niwashe tu.

Akasema ni simu ya bei ya chini, ya matumizi ya kawaida. Kisha akaniangalia.

"Lakini moyo wa aliyeinunua si wa bei ya chini, mwanangu."

Nikasema ahsante. Ningesema nini? Shutu alikuwa barazani, nilimsikia akikohoa. Hanioni, simwoni. Ndivyo ilivyo kwa mwenye eda na shemeji yake. Maneno yote hupita kwa mavyaa, yakifika kwangu yameshavaa nguo nyingine.

Nimeitia laini yangu. Imewaka vizuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo Rispah amekuja kunitazama, bado na harufu ya sabuni ya dobi. Unamkumbuka, yule jirani wa nyuma anayefua mashuka katika hoteli kule Diani. Naye ana simu! Ndogo, ya buluu. Alimnunulia mama yake kule kwao bara, ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote Ukunda. Mama amemrudishia kwa basi. Eti hataki kuweka kioo sikioni, kitamkata.

Tulicheka mpaka mavyaa akagonga ukuta.

"Jaribu zote mbili, dadangu," Rispah akasema. "Hii ukiipenda, unishonee kofia ya babangu, tumemalizana. Ukiikataa, sawa tu, itakuwa tochi yangu ya choo."

Basi nina kazi ya kufanya. Mwenye eda akipata kazi ni kama amefunguliwa dirisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimezijaribu. Laini ni moja, kwa hiyo naihamisha huku na huku kwa sindano ya kofia.

Nyeusi: chaji inalala na kuamka, bado ipo. Maandishi makubwa, siyakodolei macho. Ukiigusa inaitika papo hapo. Spika ina nguvu, kisomo cha Qur'ani kinajaa chumba. Lakini ni nzito, na kwenye simu sauti za watu hutoka kama wamo mtungini.

Ya buluu: ni mvivu, Mungu anisamehe! Ukiigusa, unangoja. Mpaka WhatsApp ifunguke, nimeshatia uzi sindanoni. Inapata moto mkononi. Chaji ya asubuhi haioni adhuhuri, tena haiagi — inazima tu, neno likiwa mdomoni. Lakini tochi yake ni kali, na sauti sikioni ni safi kabisa. Nilimpigia mteja wa Vanga. Nilisikia mpaka kuku wake.

Kisha kamera. Nilipiga kofia yako, ile iliyo kwenye msumari juu ya kitanda. Unaijua, bado upande wa kisogo sijautoboa viua. Simu nyeusi imeipamba. Imekuwa nyeupe, laini, vile vitobo vimebaki kivuli tu, na kule nyuma hamna hata kivuli. Mteja atadhani ni kofia ya kiwandani. Simu ya buluu imeionyesha ilivyo, kiua kwa kiua, na pale pasipoisha pameonekana hapajaisha.

Nikajipiga na picha ya uso. Sijajitazama tangu ulipoondoka. Kichwa wazi, nywele sijazisuka. Nyeusi imeniondolea mikunjo yote, nimekuwa msichana. Ya buluu imenionyesha mjane.

Nilicheka. Kisha sikucheka.

Jumatatu, 11 Agosti

Jambo la ajabu.

Mavyaa ameniletea uji, akaketi, akazunguka maneno kwa muda. Mara mvua, mara mahindi. Halafu akasema Shutu anasema ile kofia iliyo msumarini, ambayo nyuma haijaisha, ingefaa niimalizie. Ingemkaa vizuri. Kichwa chake na chako ni kimoja.

Uji ulinishinda.

Nimefahamu, Nyawa. Mwenye eda haposwi. Lakini kudokezwa, mavyaa alisema mwenyewe, kumeruhusiwa. Simu ilikuwa dokezo. Kofia ni la pili. Na Shutu ana mke, yule yule aliyenipikia tangu siku ya mazishi yako na kuniosha miguu. Nitamtazamaje?

Lakini si hilo linalonikosesha usingizi. Kofia iko chumbani. Hapa haingii mtu ila mavyaa na Rispah. Rispah hajawahi kuongea na Shutu. Na mavyaa haoni mbali. Kwake kofia ile ni kitu cheupe ukutani. Shutu amejuaje kwamba nyuma haijaisha?

Jumatano, 13 Agosti

Rispah amekuja kwa mlango wa uani. Nilimweleza. Akaichukua ile nyeusi, akabonyeza, akabonyeza. Akaisogeza karibu na macho. 

"Mwanasha, hii email ni ya nani?"

Nikamwambia mimi sina email.

"Basi simu iko nayo. Imeandikwa Shutu. Walifungua na email yake huko dukani. Aki dadangu — picha zote ukipiga zinaenda kwake. Akifungua simu yake anaziona."

Nikamuuliza, zote?

"Zote."

Uso wangu.

Kichwa wazi. Nywele. Macho niliyokuwa nimetoka kulia.

Baadaye — Rispah amenionyesha jinsi ya kufuta. Ukifuta hapa, na kule inatoka, labda kama ameshaiweka pengine. Nimeufuta uso. Aliyeuona ameuona. Rispah anasema huenda Shutu hakukusudia, wauzaji hufanya hivyo kila siku mtu akija hana email. Inawezekana. Sitaki kumdhania mabaya ndugu yako. Mlikuwa mkigawana mkate mmoja wa mofa kila mtu nusu yake, na wewe ukimpa kubwa. Lakini aliiona kofia, akajua ameionaje, na hakusema. Alinyamaza akaendelea kutazama.

Nikamwomba Rispah aitoe hiyo email. Akatikisa kichwa. Inataka neno la siri la Shutu. Hata ukiifuta simu yote, ikiwaka inamuulizia yeye.

"Hiyo simu si yako," akasema. "Uko tu ndani yake."

Alhamisi, 14 Agosti

Simu nyeusi nimeifunga katika karatasi yake ya maua, nikampa mavyaa airudishe. Nilimwambia kwa adabu, nikapiga magoti. Nilisema nimepata ndogo inayonitosha.

Alikaa nayo mapajani kama mtoto mgonjwa.

"Ya yule mwanamke wa hoteli? Simu isiyofika adhuhuri?"

Nikasema ndiyo, mavyaa.

Hakunifokea. Bora angefoka. Alisema ukirudisha zawadi ndani ya msiba, watu watauliza kijana amekosa nini. Watasema ana nia mbaya na mke wa marehemu. Alisema amemzika mtoto mmoja, nisimzikie jina la wa pili. Akalia. Nami nikalia. Akaiweka simu tena kitandani, akasema Shutu anakuja kesho baada ya sala ya Ijumaa, kofia iwe tayari.

Nikiirudisha, nimemvunjia heshima. Nikikaa nayo, nimekubali. Nikisema, sina ruhusa ya kusema. Nikinyamaza, kimya changu mavyaa atakibeba mpaka barazani na kukipa maana.

Nilitaka kumweleza habari ya picha. Nilifungua mdomo. Lakini ningemwambiaje mama yako kwamba mwanawe ameona nywele zangu?

Ijumaa, 15 Agosti

Asubuhi nimetia laini kwenye ya buluu, nikampigia Rumba. Alipokea haraka! Nilimsikia vizuri, nilisikia na mbuzi. Nikamwamkia, "Shikamoo kaka." Akaniambia marahaba, vipi mdogo wangu, mbona sauti hiyo? Nikamwambia nataka kurudi nyumbani, eda ikiisha uje wewe mwenyewe, usimtume mtu, nataka unijibu sasa hivi kama utakuja. Akasema —

Ikazima.

Umeme umekatika tangu alfajiri, siwezi kuichaji, na siri hii siipigii kwa simu ya Shutu. Nimebaki nayo mkononi, ina moto kama kiumbe. Jibu lake limo humo ndani.

Sasa wamesali. Nasikia watu wakipita kutoka msikitini.

Nyawa, nimefanya jambo. Hutanikasirikia.

Kofia nimeimaliza, viua vyote, mpaka kisogoni. Sindano ilipita yenyewe. Lakini sikuiweka ukumbini. Nimeikunja nikaitia katika sanduku langu, chini ya kanga ninazokwenda nazo Kikoneni.

Kisha nimetia laini kwenye ile nyeusi. Nimechukua boksi lake, waya wa chaji, kava na ile karatasi ya maua, nimevipanga juu ya mkeka. Pembeni nimeweka kipande cha karatasi, nimeandika kwa herufi za kusomeka: Ahsante, shemeji. Kofia ina mwenyewe.

Nikapiga picha.

Sikusema neno na mwanamume. Sikumjibu mavyaa kwa jeuri. Sikurudisha zawadi ya mtu barazani mbele ya watu. Nimepiga picha tu, kwa simu niliyopewa. Picha huenda zinakokwenda.

Mtandao ni dhaifu. Kwenye kona ya picha kuna kiwingu kidogo. Rispah alinionyesha: kikiwapo picha bado iko hapa, kikitoka imefika kwake. Nimekiangalia mpaka macho yameuma.

Pikipiki imesimama. Ni Shutu, namjua kwa kikohozi. Ameketi na mama yake barazani. Kahawa inamiminwa. Anacheka, cheko lake ni lako kabisa, Nyawa, mwanzo wake hasa. Sikulijua hilo mpaka leo.

Mavyaa ameniita. "Mwanasha! Ile kofia."

Nimesema naja, mavyaa. Sijainuka.

Ya buluu iko mapajani, imezimika na neno la kaka yangu. Nyeusi iko mkononi. Rumba akinipigia sasa, italia hii, na wote watasikia.

Kiwingu bado.

Bado.

Kimetoka.

Huko nje cheko limekatika katikati. Kikombe kimewekwa chini. Kisha sauti ya mavyaa, polepole: "Unaangalia nini humo, mwanangu?"

Amekohoa.

Nyawa, huko uliko, unikumbuke.