Karatasi ya Kiwanja Nyuma ya Kioo

Uvira, 4 Machi 2023

Mwanangu Ayoubu,

Salaam alaykum. Habari za Kalemie, habari za mke wako na watoto? Sisi huku tuko wazima, goti langu tu ndilo linanisumbua mvua ikinyesha.

Barua hii nimempa jirani yangu Bernardine anayepanda boti kesho, kwa sababu telefone yangu kila muntu anayepita hapa anaigusa. Ni juu ya karatasi ya kiwanja ya marehemu baba yako. Unajua baada ya arobaini, baba mdogo wako Abdoul-Karim aliipeleka kwa fundi ikatiwa kwenye kadre yenye kioo, akaja kuitundika mwenyewe sebuleni. Wageni wakasifu. Minye pia nilisifu.

Juzi nilikuwa nafuta vumbi, jua linaingia dirishani. Karatasi ile ilikunjwa mara nne miaka thelathini. Mikunjo naiona, doa la maji ya mafuriko naliona, lakini mikunjo haijainuka hata kidogo. Na baba mdogo wako ananiuliza kila mara, mdogo wako Upendo akishaolewa, nitakaa nyumba hii peke yangu mpaka lini. Naogopa kusema ninachofikiri.

Mama yako,
Sharifa

Kalemie, 19 Machi 2023

Mama mpendwa,

Alaykum salaam. Pole ya goti. Watoto wanakusalimu, mkubwa amepoteza meno mawili ya mbele.

Hiyo kadre usiifungue. Karatasi ya zamani ikibanwa na kartoni nyuma ya kioo hunyooka, ndiyo maana mikunjo haijainuka. Ukiifungua, unyevu wa ziwa utaingia na wino utatoka. Isogeze tu mbali na jua.

Baba mdogo, sikukatazi kumwangalia. Lakini usimuulize kitu.

Mwanao,
Ayoubu

Uvira, 2 Aprili 2023

Ayoubu,

Salaam. Nimefurahi kusikia habari za mjukuu wangu.

Unyevu gani? Karatasi ile niliitoa kwenye tope la mafuriko kwa mikono hii, nikaikausha kati ya kanga mbili siku tatu, na wino haukutoka. Nilifungua. Nilikata gundi ya nyuma kwa kisu cha samaki, nikapitisha kidole pale penye muhuri wa kubonyezwa. Hakuna kitu. Ni fotokopi ya rangi.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nilienda dukani kwa Abdoul-Karim, nikaweka kadre juu ya meza ya vitambaa mbele ya wateja. Nikamwambia, "Shemeji, rudisha karatasi ya ndugu yako."

Aliigeuza kadre. Kisha akasema, "Minye nilipewa bahasha imefungwa kwa gundi, nikaipeleka hivyohivyo kwa fundi Cyprien. Muulize aliyenipa." Akarudi kupima kitambaa cha watu.

Cyprien naye anasema bahasha aliifungua yeye, na ndani alikuta fotokopi hiyo. Alidhani ndivyo tulivyotaka.

Karatasi nilikupa weye, na bahasha ile weye ndiye uliyempelekea baba yako mdogo. Nijibu.

Mama yako

Uvira, 30 Aprili 2023

Ayoubu,

Natumaini uko na afya. Bernardine amerudi mara mbili bila barua. Anasema alikuona bandarini ukabadili njia.

Mama yako

Kalemie, 11 Mei 2023

Mama,

Salaam alaykum. Afya niko nayo, usingizi sina.

Karatasi iko kwangu, ndani ya sanduku la bati. Sijaiuza. Siku ya arobaini nilimsikia baba mdogo uani akimwambia muntu kwa telefone, "Nyumba hii ni kubwa kwa mjane mmoja." Nikajua anaitaka. Nikajua pia akikuomba karatasi utampa, kwa vile unamheshimu. Nikatia fotokopi kwenye bahasha.

Barua yako ya kwanza ilipofika, niliona unamshuku yeye, nikaacha iwe hivyo. Hapo ndipo nilipokosa. Nisamehe.

Mwanao

Uvira, 24 Mei 2023

Ayoubu,

Alaykum salaam. Nimesoma.

Muntu aliyekuwa kwenye telefone ni Concilie, mjane wa Bwegera. Abdoul-Karim alikuwa anamwomba aje kuishi nami nisizeeke peke yangu. Amefika jana na mfuko wa mchele, akanisimulia mwenyewe.

Nilienda kuomba radhi. Shemeji alinipa kiti, akanipa chai. Nikamwomba aje kutia saini barua ya ndoa ya mdogo wako Upendo, kama alivyotusainia kila kitu tangu baba yako afariki. Akasema, "Kula nitakuja. Kusaini, tafuteni muntu mwingine. Minye sishiki tena karatasi ya nyumba ile."

Mwanangu, uliona nitaigawa. Minye niliyeitoa kwenye tope.

Usimpe Bernardine karatasi hiyo, ilete mwenyewe. Ukishuka bandarini Kalundu usije kwangu kwanza. Pita dukani kwake Ijumaa, wateja wakiwa wamejaa kama walivyojaa siku niliyomwaibisha, useme ulichofanya, kwa sauti. Kama hutaweza, kaa nayo huko.

Mama yako,
Sharifa