Kenneth na Panya Namba Saba

Severina, nimejifungia chooni kazini. Unamkumbuka panya namba saba, kule maabara ya chuo?

Tulimfundisha kubonyeza kitufe taa ikiwaka, apate chakula. Tulipomdunga amfetamini, dawa ya kuondoa usingizi, akawa anabonyeza tu. Taa imezimwa, chakula hakitoki, anabonyeza.

Leo nimemwona Kenneth, yule Mganda ninayelinda naye geti la ghala. Saa saba mchana, jua linachoma, hakuna gari hata moja. Anabonyeza, geti linafunguka. Anabonyeza, linajifunga. Nikamwita, "Kaka, hakuna gari!"

"Najua, Elias." Akabonyeza tena.

Anajua, Severina! Anajua na anabonyeza!

Wiki ya tatu sasa anameza vidonge vya kuondoa usingizi, apate kupiga zamu mbili. Nilijua. Nikamshauri anywe maji mengi. Maji!

Supavaiza kaniuliza, "Rafiki yako ana nini?" Nikisema vidonge, na nchi hii vimepigwa marufuku, Kenneth anakwenda jela. Nimejibu ni joto tu.

Siku ile ulilia ukitaka tumtoe panya sandukuni, nikakwambia tusubiri matokeo.

Hapa nilipo nalisikia geti. Linafunguka, linajifunga.